Longonot kwa sisi wa Mombasa: waliopanda tupeane uzoefu

Asalaam aleikum wapendwa. Kikundi chetu cha Mikindani kinajiandaa kwenda Longonot, na kila wa bara tukimuuliza atwambia ni mlima mdogo. Mdogo kwake! Sisi twalala usawa wa bahari, na kilele kile kina mita 2,776. Nataka kusikia kwa watu wa Pwani wenyewe.

*Wa Bamburi:* Kaka, miguu si tatizo, tatizo ni pumzi. Hapo langoni penyewe pashapita mita 2,000, hata hatua hujapiga. Tulipanda treni Miritini, tukalala Nairobi, asubuhi tukashika matatu kuteremka bondeni hadi Mai Mahiu. Ule usiku mmoja ulitufaa mno. Wenzetu waliosafiri kwa basi usiku kucha na kupanda papo hapo waliumwa na vichwa, mmoja akatapika. Na muelewe jambo moja: kufika ukingoni si kufika kileleni. Ukingo wazunguka kreta, lile shimo la volkano, kilomita 7.2, kupanda na kushuka, na kilele kimo humo njiani. Wengi hutosheka hapo mwanzo, wakakaa kutazama msitu ulioota ndani ya shimo. Wallahi ni msitu mzima, na mvuke wachomoza kwenye kuta zake. Ukiwa na nguvu, usiishie hapo.

*Mama wa Kibokoni:* Nilipanda na hijabu yangu, dira fupi na suruali pana ndani, sikupata taabu. Kilichonitesa ni vumbi. Njia ni jivu la volkano, limechimbika mifereji, na wakati wa kushuka lateleza kuliko kupanda. Vaeni viatu vya kushika kifundo. Maji mchukue ya kutosha kutoka chini, maana juu hakuna hata tone. Na sweta, jamani! Upepo wa ukingoni si kaskazi.

*Wa Likoni:* Mkimaliza, msirudi na uchovu wenu. Piteni Olkaria, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kule wanakozalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Kuna dimbwi la maji moto, rangi ya samawati iliyochanganyika na maziwa. Magoti yangu yalinishukuru. Kiingilio cha mbuga ile hulipwa mbali na cha Longonot, kwa hivyo pangeni pesa mapema.

*Mama wa Kibokoni:* Hapo dimbwini, sisi kina mama twapata sehemu yetu ya faragha? Aliyekwenda karibuni atujibu.