Mjadala: Bojangles alijishusha, au alishushwa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umezuka nyumbani kwangu tangu Jumamosi na haujaisha, nauleta hapa mnisaidie.

Nilikuwa natazama The Little Colonel, filamu ya mwaka 1935, nikafika ile sehemu ya ngazi. Mzee mweusi aliyevaa sare ya mtumishi anamshika mkono mtoto wa kizungu, wanapanda ngazi pamoja kwa dansi ya tapu, ile ya kugonga sakafu kwa viatu mpaka miguu inageuka ngoma. Mzee ni Bill Robinson, maarufu kama Bojangles. Mtoto ni Shirley Temple, aliyekuwa na miaka sita walipopiga picha hizo. Binti yangu alinifanya nirudishe mara nne. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema nizime: namfundisha mtoto kwamba kazi ya mtu mweusi ni kuwafurahisha wazungu.

Je, Bojangles alijishusha kwa kukubali nafasi zile?

Mimi nasema hapana. Huyu alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878, akawa yatima mapema, akalelewa na bibi yake. Alipoanza kupanda majukwaani kulikuwa na kanuni kwamba msanii mweusi hasimami peke yake, lazima wawe wawili. Yeye akaivunja, akasimama peke yake. Enzi ambazo hata weusi walilazimika kujipaka masizi usoni ili wachekeshe watu, yeye alicheza na uso wake mwenyewe. Hollywood ilipomwita alikuwa ameshapita miaka hamsini, na dansi ya ngazi alikuwa nayo zamani, aliitunga mwenyewe jukwaani. Kwa hiyo ile sare ni ya kwao, lakini kilichomo ndani ya viatu ni mali yake.

Na ule mkono mnaouona ameushika, katika kumbi za sinema za baadhi ya majimbo ya Kusini mwa Marekani sehemu hiyo ilikatwa. Mweusi na mweupe kushikana mikono na kucheza pamoja, hata kama mmoja ni mtoto mdogo, hawakuvumilia. Kama ilikuwa picha ya kumdhalilisha tu, mkasi ulikuwa wa nini?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila umechagua filamu nyepesi. Chukua The Littlest Rebel, ya mwaka huohuo, na ni haohao wawili. Humo Bojangles ni mtumwa, mtumwa hasa wa kumilikiwa. Ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na bwana wake ameenda kupigana upande wa Kusini, yaani anapigania huyu aendelee kuwa mtumwa. Bwana anakamatwa, anahukumiwa kifo. Mtumwa anafanya nini? Anacheza tapu barabarani na yule mtoto ili wapate nauli ya treni kwenda Washington kumwangukia Rais Lincoln amsamehe bwana.

Isome tena polepole. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha anachangisha fedha ili mmiliki wake asife. Na anatabasamu mwanzo hadi mwisho.

Unasema miguu ilikuwa mali yake. Sawa, na ndiyo iliyoufanya uongo ule umezeke. Angecheza vibaya, leo hakuna ambaye angeikumbuka filamu hiyo.

Wala usiniambie kwamba hakukuwa na namna ya kukataa. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, aliigiza katika Tales of Manhattan mwaka 1942, akaona jinsi wakulima weusi walivyochorwa mle, akatangaza kwamba basi, Hollywood hatarudi. Ni Robeson huyuhuyu aliyejifunza Kiswahili chetu akiwa London miaka ya 1930, kwa sababu alitaka kuijua Afrika badala ya kusimuliwa. Huyo alisema hapana.

Mchangiaji wa pili

Kaka zangu, shikamooni kama mmenizidi umri. Mimi nafundisha watoto dansi, na naomba kwa dakika moja tu muache kumtazama uso. Fumbeni macho kwenye ile sehemu ya ngazi, sikilizeni.

Mtasikia kila daraja la ngazi lina sauti yake. Kabla yake wachezaji wengi waligonga kwa unyayo mzima, mguu mzito. Bojangles aliinua dansi hiyo ikaja kwenye vidole, mgongo umenyooka, viungo vimetulia, hakuna jasho la kujionyesha. Viatu vyake vilikuwa na soli ya mbao, si chuma, ndiyo maana mlio ni mkavu na safi, kila pigo limesimama peke yake. Nimejaribu na wanafunzi wangu vipande vifupi tu vya ngazi ile. Kinachowashinda ni wepesi wake: anaonekana hafanyi chochote.

Sasa kuhusu Robeson. Robeson alikuwa na shahada ya sheria ya Columbia na sauti iliyojaza kumbi za Ulaya. Akifunga mlango wa Hollywood ana milango mingine. Mtazame Jeni LeGon, binti wa Chicago. Mwaka 1935 alicheza na Bojangles katika Hooray for Love, studio ya MGM ikamsainisha mkataba wa muda mrefu, jambo ambalo mwanamke mweusi hakuwa amelipata bado. Mkataba ukavunjwa mapema. Baada ya hapo Hollywood ilimpa zaidi nafasi za mjakazi. Mwaka 1948, katika Easter Parade, ni mjakazi. Mwisho akahamia Kanada, akafundisha dansi Vancouver. Mchezaji hodari kabisa! Nikimfikiria roho inaniuma kila mara.

Na jambo jingine ambalo sijaona mkilitaja. Mwaka 1936, katika Swing Time, Fred Astaire, mchezaji dansi mzungu, alicheza dansi iliyopewa jina la Bojangles wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York. Jukwaa kubwa, vivuli vitatu nyuma yake, kila kitu. Amejipaka weusi usoni. Yaani jina la Bojangles lilipata fahari ya mhusika mkuu pale mzungu alipovaa ngozi yake, huku mwenye jina akiwa hai, akiwa Hollywood hiyohiyo, anapewa sinia abebe. Mnauliza alijishusha? Ulizeni nani alishika kalamu.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, la kalamu nakubali, na la Astaire nilikuwa silijui, limenikaa. Ila LeGon alikuwa msichana anayeanza. Bojangles alikuwa miongoni mwa wasanii weusi waliolipwa vizuri kuliko wote wa zama zake. Mwenye nguvu, hata kama ni kidogo, ndiye anayeulizwa zaidi. Hapo sijasogea.

Mleta mada

Nimesoma yote. Kwenye The Littlest Rebel naweka silaha chini. Binti yangu hataiona mpaka awe ameelewa vita ile ilipiganwa kwa ajili ya nini.

Ila mkuu, umetaja malipo, nami nayataja. Mwaka 1933 alikuwa Richmond, akaona watoto wakihatarisha maisha kuvuka barabara, akatoa fedha zake mwenyewe ziwekwe taa. Sanamu yake imesimama makutano hayo tangu mwaka 1973. Fedha zilipita mikononi mwake hivyo, pamoja na za kamari, tusimfiche. Alipofariki Novemba 1949 hakuwa na kitu. Mtangazaji Ed Sullivan ndiye aliyesimamia mazishi, na shule za Harlem zilifungwa siku hiyo.

Kinachoniumiza mimi ni Stormy Weather, ya mwaka 1943. Humo si mtumishi wa wazungu. Ni mhusika mkuu, anapenda na kupendwa, na mpenzi wake ni mwimbaji Lena Horne. Lena alikuwa na miaka ishirini na kitu. Bojangles alikuwa anakaribia 65. Nafasi aliyostahili akiwa kijana walimpa akiwa babu, na bado alipanda juu ya zile ngoma kubwa akacheza.

Jumamosi hii tutaanza na hiyo, ngazi baadaye. Mdogo wangu amesema atakuwepo. Wenye watoto humu, mlianza kuwaeleza mambo haya wakiwa na umri gani, na mlianzia wapi?