Cochrane, Epistemonikos au PubMed: tuanzie wapi kutafuta mapitio ya kimfumo?

Tabibu_wa_Wilaya
Habari za kazi, wanajukwaa. Kamati yetu ya dawa inakutana wiki ijayo, nami nimepewa jukumu la kuwasilisha ushahidi kuhusu kuhara kwa watoto. Nataka kuanza na mapitio ya kimfumo, yaani kazi zinazokusanya na kupima majaribio yote ya swali moja. Nichague kanzidata ipi: ya Cochrane (mtandao unaoandaa mapitio hayo), Epistemonikos, au PubMed (yenye makala za tiba za kila aina)? Na kwa kutathmini ubora wa mapitio nitumie orodha ipi ya maswali, AMSTAR 2 au CASP?

Mfamasia_Pwani
Mkuu, hakuna atakayekushauri vizuri bila kujua swali lenyewe. Ni watoto wa umri gani, dawa gani, inalinganishwa na nini, na mnajali muda wa kuhara, kutapika au vifo? Tueleze pia kama kituo chenu kimesajiliwa Hinari, mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida ya kulipia, kwa sababu makala isiyofunguka haiwezi kutathminiwa.

Bi_Takwimu
Wakati tukisubiri majibu, mimi napendekeza Epistemonikos, iliyoanzia Chile. Inakusanya mapitio kutoka kanzidata nyingi, yakiwemo ya Cochrane, na inaonyesha yapi yametumia majaribio yale yale. Bila hilo utakuta mapitio matano yanayodhaniwa kuthibitishana, kumbe yote yamechota kisima kimoja.

Zamu_ya_Usiku
Kanzidata si tatizo kubwa. Tatizo ni kusoma. Mwaka 2021, hospitalini nilikokuwa, mkuu mmoja wa idara alileta uchambuzi uliojumlisha majaribio ya ivermectin na kudai kwamba dawa hiyo ilipunguza sana vifo vya UVIKO-19. Almasi iliyo chini ya mchoro, yaani alama ya matokeo ya majaribio yote yakijumlishwa, ilikaa wazi upande wa dawa, na aliyethubutu kuuliza majaribio yenyewe yalifanywaje aliambiwa anachelewesha wagonjwa. Julai mwaka huo, jaribio la Misri lililokuwa na uzito mkubwa katika jumla za namna hiyo, ambalo halikuwa limepitiwa na wahakiki, liliondolewa Research Square, tovuti ya makala ambazo bado hazijahakikiwa, baada ya data zake kutiliwa shaka. Mapitio ya Cochrane yaliyotoka mwezi huo huo hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuiunga mkono dawa hiyo. Hakuna aliyeitisha kikao cha kurekebisha. Tangu hapo nasoma jedwali la hatari ya upendeleo, linaloonyesha kasoro za kila jaribio zinazoweza kupotosha matokeo, kabla ya kuitazama almasi.

Mfamasia_Pwani
Ndiyo maana kwa kamati yenye saa moja natetea CASP na maswali yake 10. AMSTAR 2 ina vipengele 16, na 7 kati ya hivyo ni vya msingi. Mapitio yakikosa itifaki (mpango wa kazi) iliyoandaliwa mapema pamoja na orodha ya tafiti zilizokataliwa, yanaangukia daraja la chini kabisa, hata kama mengine yote yamefanywa kwa uangalifu.

Bi_Takwimu
Na yaanguke! Orodha hiyo ndiyo inayotuonyesha kama waandishi walitupa majaribio yasiyowapendeza. CASP haitoi daraja, kwa hiyo kila mjumbe huondoka na hukumu yake mwenyewe.

Tabibu_wa_Wilaya
Samahani kwa kuchelewa. Ni zinki kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Akina mama wanalalamika kwamba watoto wanatapika kidonge cha miligramu 20, na kamati inataka kujua kama tunaweza kushuka hadi 10. Hinari hatuna.

Mfamasia_Pwani
Hilo ndilo ungeanza nalo! Mapitio ya Cochrane ya 2016, yenye majaribio 33 na watoto 10,841, yalionyesha kwamba kwa watoto waliozidi miezi sita zinki hufupisha kuhara kwa takriban nusu siku, na kwamba huongeza kutapika. Muhtasari wake unasomeka bure.

Zamu_ya_Usiku
Lakini hayo yanalinganisha zinki na kutotumia zinki, ilhali tabibu anauliza kuhusu dozi. Jaribio kubwa lililofanyika Tanzania na India lilichapishwa 2020: miligramu 5 na 10 hazikuwa duni kwa 20, na kutapika kulipungua. Mapitio ya 2016 hayawezi kuwa nalo, kwa hiyo PubMed haikwepeki.

Bi_Takwimu
Jaribio moja, hata likiwa kubwa, si mapitio. Tabibu, watoto wenu wenye utapiamlo ni wengi kiasi gani? Katika mapitio hayo hayo, hao ndio walionufaika zaidi na zinki.

Tabibu_wa_Wilaya
Wapo, ila rejesta haiwatenganishi. Nitamuuliza muuguzi mkuu kesho.