Nihamie Lamu au nibaki Malindi? Kodi imepanda na kazi yangu ni mashine za boti

Fundi wa Maweni

Asalaam aleikum wenzangu. Naomba ushauri wa watu wanaoishi Lamu, au waliowahi kuhama kati ya Malindi na Lamu.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, hizi za Yamaha za hospawa 15 mpaka 40. Naishi Maweni, Malindi, na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa yuko gredi ya nne, mdogo bado hajaanza shule. Nyumba yetu ni chumba kimoja na sebule, choo ndani. Kodi ilikuwa 8,000, sasa mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba kuanzia mwezi ujao ni 11,000, bila kuhesabu maji. Nimezunguka mitaa ya Barani na Muyeye. Kwa 8,000 hupati tena nyumba kama hii, labda ukubali choo cha nje cha kutumia na wapangaji wengine.

Kaskazi likivuma sina shida. Boti za watalii zinatoka kwenda hifadhi ya baharini, wavuvi wanaingia kina kirefu, nami nafungua kabureta mpaka usiku. Shida ni kusi. Aprili mpaka Juni boti nyingi zinapandishwa pwani, hoteli nyingine zinafunga, na mwenye boti ninayemdai ananiambia nisubiri wageni warudi Julai. Miezi hiyo kodi yetu hulipwa na mahamri na mbaazi za mke wangu, na viazi karai jioni hapo mlangoni. Mimi ni mwanamume mwenye ufundi, na inaniuma kumwona anaamka saa tisa usiku kuumua unga ili tusifungiwe mlango.

Shemeji yangu ni nahodha Lamu. Anasema kule boti ndiyo matatu, hailali. Amenitafutia chumba na ukumbi Langoni, ghorofani, 7,000. Rafiki mwingine anasema nisiende kisiwani, nikae Mokowe bara, nyumba ni mpya na bandari iko karibu. Mke wangu ananiuliza maswali nisiyo na majibu: unga kule bei gani, na mahamri yake atamuuzia nani katika mji ambao kila nyumba inajua kuyapika?

Kodi ya 7,000 kwa kazi ya mwaka mzima naiona ni nafuu kubwa. Je, ndivyo ilivyo?

Mwana Langoni

Waaleikum salaam kaka. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nina duka la vyakula hapo Langoni, na nitakwambia kama ninavyomwambia ndugu yangu wa tumbo moja.

Elfu saba ya Langoni si elfu saba ya Maweni. Mfuko wa unga ninaouza umekuja kwa lori mpaka Mokowe. Pale umeshushwa, umepakiwa botini, umeshushwa tena gatini Lamu, kisha punda au hamali akauleta dukani. Kila ulipoguswa, aliyeugusa amelipwa, na malipo hayo yote yamo katika bei ninayomtajia mteja. Mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo, gesi na saruji vilevile. Basi usimuulize shemeji yako kodi peke yake. Muulize mtungi wa gesi anajaza kwa kiasi gani na kilo ya unga anainunua pesa ngapi, halafu ulinganishe na Maweni kabla hujafunga mzigo hata mmoja.

Pili, nyumba ni ya ghorofani. Maji yetu ya mji yanatoka visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, na hayaji kila saa. Tangi liko juu au chini? Kama liko chini, pampu ni ya nani, na stima yake inaingia kwenye mita ya nani? Nimeona wapangaji wakipandisha madumu kwenye ngazi zile za mawe, ngazi nyembamba ambazo hata godoro halipiti mpaka likunjwe.

Tatu, ukija kuiangalia, inua macho darini. Nyumba zetu za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene, mchana unakaa ndani bila feni na mwili umetulia. Lakini dari imelala juu ya boriti. Tazama pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Bonyeza kwa kidole. Ikitoka unga, au ukiona chokaa imepasuka kuizunguka, mvua ya masika itakukuta na mabeseni sakafuni. Na usitegemee mwenye nyumba aje wiki ijayo na bloku za saruji. Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, matengenezo yana taratibu zake na ruhusa zake, na fundi wa chokaa anangojewa. Mimi nazipenda taratibu hizo, bila yazo mji huu ungekwisha, lakini mpangaji ndiye anayelala chini ya dari ile.

Kuhusu kazi, shemeji yako hakukudanganya. Mokowe, Lamu, Shela, uwanja wa ndege kule Manda: boti zinakwenda na kurudi mwaka mzima, kwa sababu mkondo umekingwa na kisiwa cha Manda na kusi halitupati sana. Mgonjwa akiletwa hospitali, mwalimu akienda kazini, kifurushi kikifika kwa basi, vyote ni boti. Mashine zinachoka haraka na fundi anatafutwa.

Ila jua pia kwamba riziki za hapa zimefungamana. 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, tuliwekewa kafyu ya usiku. Wavuvi hawakutoka usiku, wageni walikatika, na dukani kwangu daftari la deni likajaa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti 2018, jamaa wa mikoko walikaa bure, na wao ndio walionunua unga kwangu. Wewe ukija utakuwa na kazi, sina shaka, lakini mwenye boti atalipa abiria wakilipa. Kwa hiyo hesabu kodi kwa mwezi wa Mei, iwe ni Lamu au ni Malindi. Desemba kila nyumba inaonekana rahisi.

Na mke wako asiuze mahamri Langoni alfajiri. Kila dirisha lina karai. Aliye na njaa na hana jiko ni abiria, na abiria yuko gatini.

Wa Mokowe

Mimi niko Mokowe, nafanya kazi kaunti. Nakubaliana na dada hapo juu, naongeza ya upande wetu.

Kodi ya Mokowe haifuati mfuko wa fundi, inafuata mshahara wa serikali. Makao ya kaunti yako hapa, na wafanyakazi wa serikali Lamu wana posho ya mazingira magumu. Mwenye nyumba anaijua posho hiyo kuliko hata mkeo. Nyumba za bloku ni nyingi na zina nafasi, lakini maji ni ya kununua, na bati bila dari mchana ni moto usiokalika.

Kuhusu bandari, tafadhali usihame kwa ajili yake. Iko Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mitambo ile haihitaji watu wengi kama tulivyodhani wakati mradi unazinduliwa 2012. Wavuvi waliokuwa wakivua maeneo yale ndio walioumia, mpaka Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua 2018 kwamba walipwe fidia. Mvuvi aliyepoteza mahali pake pa kuvua hana mashine ya kukuletea. Kwako wewe chenye thamani hapa ni jeti, yaani gati la boti za abiria. Ukiweka meza ya vipuri karibu nayo utaonekana na kila nahodha.

Na utakapokuja utaonyeshwa ploti, hilo halikosi. Usitoe hata shilingi kabla ya kupekua ofisi ya ardhi. 2014 serikali ilifuta hati za ekari 500,000 za kampuni 22 katika kaunti hii. Kama kampuni zilipokonywa, wewe na karatasi ya chifu utajitetea na nini?

Mzee wa Barani

Mwanangu, nakusoma na nakuonea huruma, lakini usihame Malindi kwa sababu ya elfu tatu. Kwa mwaka ni 36,000. Weka lori mpaka Mokowe, boti ya mizigo, punda, kodi ya mwezi na amana ya nyumba mpya: nyingi ya hiyo imeshakwenda kabla hujapata mteja. Na mtoto wa gredi ya nne usimtoe katikati ya mwaka.

Nenda kwanza ukaongee na mwenye nyumba uso kwa uso, si kwa simu. Mwambie utamlipa miezi mitatu kwa mpigo ukitoka kwenye msimu, akuachie kwa 9,000. Wenye nyumba wa hapa wanaogopa Mei kama unavyoiogopa wewe, maana ndipo vyumba vinapobaki vitupu.

Halafu kusi likiingia, nenda wewe kwenye kazi, familia ibaki. Hori ya Kilifi imekingika na upepo. Lamu nayo sasa barabara ya Garsen na Witu ni ya lami, ukipanda basi asubuhi, mchana uko Mokowe, ingawa vizuizi vya polisi vipo na kitambulisho kiwe mfukoni.

Jambo jingine. Mtu akikwambia badala ya kupanga ununue nyumba ya udongo mitaa yetu hii kwa bei ya chini, muulize ardhi ni ya nani. Wengi wanauza nyumba bila ardhi. Kuta zitakuwa zako, kiwanja cha mwenyewe, na kodi ya kiwanja utailipa mpaka siku atakapokitaka. Nimeona majirani zangu wakivunjiwa hivyo, watu wazima wakikaa juu ya mabati yao barabarani.

Fundi wa Maweni

Shukrani sana, dada, kaka na mzee wangu. Nimemsomea mke wangu majibu yote. La abiria na gati limemkaa moyoni, na la kutomhamisha mtoto katikati ya mwaka amelishika kwa mikono miwili.

Mzee, nimeenda kwa mwenye nyumba. 9,000 amekataa, tumekubaliana 9,500 mpaka Desemba. Kwa hiyo familia inabaki. Mimi nitakwenda Lamu Aprili, nitalala kwa shemeji, nione mwenyewe Mei inalipa nini. Chumba cha Langoni nimemwambia asikishike.

Mwana Langoni, nije na vipuri au nitavipata huko?

Mwana Langoni

Njoo navyo. Spaki, pini za propela, vifaa vya kabureta, oring za kila saizi, nunua Mombasa au hapo Malindi, maana vya hapa vimeshapita katika mikono yote niliyokutajia. Usilete mashine nzima za kuuza, mtaji utalala. Na ukifika usianze kwa kukopesha. Mwambie nahodha wa kwanza kabisa kwamba kipuri ni taslimu, ufundi ndio unaoweza kungoja mpaka Ijumaa. Ukishamzoesha vingine, wote wa gatini watakuwa wamesikia kabla ya adhuhuri.

Mke wako mpe salamu. Akija kukutembelea likizo ya shule, aje dukani nimpeleke gatini mwenyewe, tuone pale nani anauza viazi karai na nani hauzi.