Protini za seli moja ya mmea: mashine inasoma albumini na Rubisko tu, nakosea wapi?

Kisamvu_Kibichi: Wakuu, naomba ushauri. Napima protini za seli mojamoja za Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara. Majani nayaloweka kwa saa 3 kwenye vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta wa seli (selulasi 1.5% na maserozaimu 0.4%), pamoja na manitoli (jamii ya sukari) 0.4 M na albumini ya ng'ombe (protini ya damu) 0.1%, pH 5.7. Kwenye hadubini protoplasti (seli zilizovuliwa ukuta) ni za mviringo, nzima kabisa. Nikishaziweka moja kila kishimo, spektrometa ya masi (mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake) inaona albumini, Rubisko (kimeng'enya cha usanisinuru), na vingine kiduchu.

Vakuoli: Albumini umeitia mwenyewe, mkuu. 0.1% ni miligramu 1 kwa mililita, kwa hiyo kila nanolita 1 inayoandamana na seli imebeba nanogramu nzima ya albumini. Protini yote ya seli ndogo haifiki hapo! Osha mara 3 kwa manitoli baridi ya 0.4 M isiyo na albumini, sentrifuji kwa nguvu ya 100 g (mara 100 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 2, breki yake ukiwa umeizima. Usipunguze manitoli: maji yataingia, seli zitapasuka, na vimeng'enya vya vakuoli (kifuko kikubwa ndani ya seli) vitaanza kukatakata protini zako. Ncha ya pipeti ikate iwe pana.

Mzizi_Mkuu: Rubisko ni tabia ya jani, inaweza kufika nusu ya protini zinazoyeyuka. Kuiondoa kwenye seli moja usijaribu, itaondoka na nyingine. Hamia kwenye ncha za mizizi. Seli zake ni ndogo, protini ni chache zaidi, lakini hazifunikwi na Rubisko.

Tone_Moja: Na hicho "kiduchu" huenda kimeganda kwenye plastiki. Weka mikrolita 1 tu kwa kishimo: DDM (sabuni laini) 0.2%, bafa ya TEAB 100 mM, tripsini (kimeng'enya cha kukata protini) 10 ng kwa mikrolita. Nyuzi 37, saa 2, sahani imefunikwa na unyevu upo, la sivyo tone linakauka na tripsini inalala. SDS, ile sabuni kali, usiguse, inaharibu usomaji. Pia acha vishimo kadhaa vyenye maji ya mwisho ya kuoshea bila seli. Albumini ikionekana humo, bado hujaosha.

Kisamvu_Kibichi: Nikiacha albumini kabisa?

Vakuoli: Inawezekana, ila selulasi na maserozaimu nazo ni protini, za kuvu Trichoderma na Rhizopus. Ongeza mifuatano ya protini hizo kwenye hifadhidata ya uchafu (orodha ya protini zisizo za sampuli), programu isije ikaupachika mmea vipande visivyo vyake.

Mzizi_Mkuu: Na gandisha kipande cha mzizi ambacho hakijaguswa na vimeng'enya, cha kulinganishia. Protini za mshtuko (zile seli inazotengeneza ikisumbuliwa) zikiwa juu kwenye protoplasti pekee, zimeletwa na kuloweka.