Mkono wa plastiki tuliomtengenezea mtoto anauvaa wageni wakija tu. Tuurekebishe au tuuache?

Bisibisi
Habari wakuu. Tuko wanne, wanafunzi wa uhandisi, na mradi wetu ni kumtengenezea kifaa binti wa miaka 9. Amezaliwa mkono wa kushoto ukiishia katikati ya kiganja: kifundo anacho na kinakunjika vizuri, vidole hana. Tulichukua mchoro wa mkono bandia uitwao Phoenix, wa e-NABLE (mtandao wa watu wanaojitolea kutengeneza mikono bandia), unaopatikana bure, tukaupunguza kwa vipimo vyake na kuuchapa kwa printa ya 3D kwa PLA, plastiki ngumu ya kuchapia. Akikunja kifundo, nyuzi zinavuta na vidole vinafumba. Akikinyoosha, mipira inavirudisha.

Mama yake anasema binti anauvaa wageni wakija, wakiondoka anautupa kitandani. Akishika chupa inamponyoka. Wenzangu wawili wanataka tuweke mota na vihisio vya misuli. Mimi nina wasiwasi hilo silo linalomsumbua. Bajeti ndogo, muda ni muhula huu tu. Mngefanyaje?

Nati_na_Bolti
Kuponyoka kunatibika. PLA inateleza, kwa hiyo vivisheni vidole vile vifuniko vya mpira vya kuhesabia karatasi. Kisha kagueni njia za nyuzi, maana nguvu ya kifundo huliwa na msuguano kwenye vitundu kabla haijafika kidoleni. Asiuache ndani ya gari juani, PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, inavumilia zaidi.

Mota sahauni. Uzito ukikaa mbele kule kwenye vidole, mkono wa mtoto unachoka haraka.

MkonoMmoja
Mimi nimezaliwa bila mkono wa kulia kuanzia chini kidogo ya kiwiko, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kabatini kwangu kuna mikono ya umri wangu wote. Mmoja una kucha nzuri kuliko za dada yangu. Hakuna hata mmoja niliouvaa mwaka mzima.

Bisibisi, umetueleza mama anasema nini na wenzako wanataka nini. Binti mwenyewe kasemaje? Na usimwulize anataka mkono wa aina gani, maana atakutajia rangi, au atakujibu kile anachoona mnapenda kusikia. Mwombe akuonyeshe anavyofunga viatu, anavyofungua begi, anavyochonga penseli. Utashangaa. Mengi anayamaliza kwa meno, magoti, kwapa na kile kipande cha kiganja, ambacho kina ngozi inayohisi joto, ubaridi, ukingo wa karatasi. Mkikifunika kwa plastiki mmempa vidole vitano visivyohisi na kumnyang'anya sehemu inayohisi. Ningekuwa yeye, na mimi ningeutupa kitandani.

Tafuteni lile jambo moja linalomshinda na analolitaka, mtengeneze kifaa cha jambo hilo tu, cha kuvaa na kuvua. Mimi ninacho kishikio cha usukani wa baiskeli, kikombe cha plastiki chenye mpira ndani. Mkono unaingia kwa kusukuma, na nikianguka unachomoka wenyewe. Breki zote mbili nimeziunganisha kwenye mpini mmoja upande wa kushoto. Kifaa hicho hakifanani na mkono hata kidogo, na ndicho pekee ninachokitafuta kikipotea.

Tena si wazo jipya. Kulabu ya David Dorrance, aliyepoteza mkono kwenye kiwanda cha mbao, ilipata hataza mwaka 1912 na hadi leo watu wanaivaa, kwa sababu inashika. Hata hiyo michoro ya bure mnayotumia ina asili hiyo hiyo: Richard van As, seremala wa Afrika Kusini, alikatwa vidole mwaka 2011, akashirikiana kwa mbali na Ivan Owen wa Marekani. Aliyekuwa akijaribu kifaa ndiye aliyekihitaji, kasoro alizisikia mwenyewe. Ninyi mnazisikia kupitia kwa mama.

Fundi wa viungo bandia
Naunga mkono. La nyongeza ni ngozi. Avae kwa muda mfupi kwanza, mvue, mtazame. Wekundu usiotoweka ndani ya nusu saa maana yake panabana, paongezeni nafasi au sponji. Fanyeni mikanda ya kurekebishika, miezi michache tu atakuwa amekua. Na kabla hajaanza kukitumia kila siku, mpelekeni kwa mtaalamu wa viungo bandia akikague.

Bisibisi
Asanteni sana. Leo tumekaa naye bila kumvalisha chochote. Viatu anafunga haraka kuliko mimi. Anachotaka ni kuruka kamba. Huwa anajifunga kamba kwenye kifundo cha kushoto, inamkata ngozi na kujisokota. Tumefikiria bangili ya TPU, ile plastiki inayonyumbulika, izunguke kiganja, yenye mkanda wa velkro na beringi ndogo kamba izunguke bila kujisokota. Mota zimekufa, japo mwenzetu mmoja kanuna.

MkonoMmoja, beringi ikae wapi? Juu ya kiganja au mbele?

MkonoMmoja
Mbele, kwenye kijiti kifupi. Mkono wa kulia unashika mpini, kwa hiyo kamba ya upande ule inatokea mbali kidogo na kifundo. Ya kushoto ikitokea kwenye kiganja chenyewe, itazunguka duara dogo na kumgonga miguu. Pima mpini wa kulia unatokeza kiasi gani, kijiti kilingane, kisha mrekebishe yeye akiruka.

Na kamba ishikwe na klipu inayoachia ikivutwa kwa nguvu. Kuna siku mtu ataikanyaga.

Nati_na_Bolti
Hicho kijiti kichapeni kikiwa kimelala. Mkikisimamisha, kitakatikia pale tabaka za plastiki zinapoungana, siku ya kwanza.