Presi ya kuunganishia kalamu za mpingo: ya wenzo, ya meno, au drili inatosha?

mkereza_wa_moshi

Wakuu, salaam. Natengeneza kalamu nyembamba za mpingo, zile za mirija ya brasi ya milimita 7 na rifili (mrija wa wino) ndefu inayokazwa kwa kuzungushwa. Mpaka sasa naunganisha kwa jiliwa (kibanio cha mezani cha skrubu), taya zake nimezivisha vibao vya mninga. Kwa wiki ni kalamu 20 hadi 30. Matatizo ni mawili:

Kwanza, kipande cha chini kinapata ufa mwembamba kama unywele upande wa ncha. Mara nyingine palepale, mara nyingine kesho yake asubuhi.

Pili, kizungushio (kile kipande kinachotoa na kurudisha wino) hakikai kwenye kina kimoja. Kalamu moja iko sawa, nyingine wino haufiki nje, nyingine ukirudisha bado ncha ya wino inachungulia.

Nafikiria presi ndogo ya kulala yenye wenzo, iliyoundwa kwa ajili ya kalamu. Au presi ya kusimama ya meno ya nusu tani au tani moja, ile ya kusukumia beringi. Au nisinunue kitu, nitumie drili ya kusimama niliyonayo. Mashine ya kukereza ninayo ndogo ya mezani. Ipi inafaa, na nikague nini kabla sijatoa hela?

FundiChuma

Mkuu, usichague presi kwa tani zake. Kalamu ya milimita 7 haitaki nguvu kubwa, inataka unyoofu. Piga hesabu ya ukuta wa mbao pale ncha inapoingia: kipenyo cha nje ni kama milimita 8.4, mrija ni milimita 7, ukitoa ukagawa kwa mbili unabaki na milimita 0.7 za mpingo kila upande. Ncha ikiingia imeinama kidogo tu, nguvu yote inabebwa na upande mmoja wa ukuta huo.

Na jiliwa ndivyo inavyofanya. Skrubu yake iko chini, wewe unabana kalamu juu, kwa hiyo taya linalotembea linainama kinyumenyume na nyuso mbili haziko sambamba tena. Kama utaendelea nayo kwa muda, bana kalamu chini kabisa karibu na skrubu, na upande wa pili wa skrubu weka kipande cha mti chenye urefu uleule ili taya lisipinde. Inasaidia, lakini kila kalamu ina urefu wake kabla na baada ya kubana, hivyo hicho kipande cha kusawazisha hakitoshi kamwe kwa asilimia mia.

Katika hizo tatu, mimi ningechukua ya meno, nusu tani. Sababu ni mkono: meno na gia vinakupa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho wa safari, kwa hiyo unasikia ncha inapoanza kuingia, unasikia inapokaa. Presi ya wenzo wa viungo si hivyo. Kadiri viungo vinavyokaribia kunyooka, nguvu inapanda ghafla huku mkono wako ukihisi wepesi. Hapo ndipo kizungushio kinapopita alama ya kina iliyochongwa juu yake bila wewe kujua.

Dukani kagua haya. Shika nguzo inayoshuka, itikise mbele na nyuma, kulia na kushoto. Ikicheza, tafuta skrubu za pembeni za kukaza bamba linaloielekeza. Kama hazipo, iache. Kisha chukua mrija ambao miisho yake imesawazishwa, uweke katikati ya nyuso mbili, ubane kidogo tu, halafu jaribu kuchomeka kipande cha karatasi nyembamba kati ya mrija na uso, pande zote nne. Karatasi ikipita upande mmoja na kugoma upande wa pili, nyuso haziko sambamba.

Ukishanunua, usiache chuma kiguse kalamu. Tengeneza kitako cha nailoni au mti mgumu, kwa kipande cha chini toboa katikati yake shimo la kina kifupi, pana kiasi cha kufanya mabega ya ncha yakae na ile sehemu nyembamba ya mbele ielee bila kugusa kitu. Ncha zinapinda au kupata mkwaruzo kwa sababu watu huzisukuma kwa kile kidomo chake.

kalamu_na_mpingo

Nakubaliana na FundiChuma kuhusu unyoofu, lakini kwa kalamu 30 kwa wiki presi ya wenzo nisingeitupa. Hilo la nguvu kupanda mwishoni ni kweli, ila presi hizo nyingi zina vizuizi: upande mmoja pini inayohamishwa tundu kwa tundu kufuata urefu wa kalamu, na skrubu ya kurekebisha kidogo kidogo. Ukiseti skrubu hiyo ili wenzo ufike mwisho wake wakati kizungushio kimefika kina sahihi, basi kina hakitegemei tena mkono. Kalamu ya kwanza na ya thelathini zinatoka sawa. Presi ya meno isiyo na kizuizi itakurudisha palepale kwenye tatizo lako la pili.

Jinsi ya kuseti. Unganisha kalamu moja ya mfano taratibu mpaka iko sawa kabisa. Pima kwa venia (kipimo chenye taya) kutoka ncha ya mbele mpaka mwisho wa nyuma wa kizungushio. Kwa seti nyingi za aina hii (vipande vya chuma vya kalamu vinavyouzwa pamoja) utapata karibu milimita 105, lakini pima ya kwako, na ukibadilisha muuzaji wa seti pima upya. Urefu huo ndio unaoseti kwenye presi. Angalizo: kipimo kinabaki kilekile kwa sababu rifili ina urefu mmoja, mti ukiwa mfupi kwa milimita moja kwa kuusawazisha kupita kiasi, kizungushio kitasimama nje ya alama yake kwa milimita hiyohiyo na kalamu bado itaandika vizuri. Anayefuata mstari uliochongwa kwenye kizungushio bila kupima ndiye anayekosa.

Kwa anayefanya kwa jicho: sukuma mpaka karibu na mstari, simama. Ingiza rifili kwa nyuma, ipite ndani ya kizungushio, ikaze. Zungusha itoke. Kama haijatoka vya kutosha, toa rifili, sukuma nusu milimita, jaribu tena. Usisukume kizungushio rifili ikiwa ndani.

Drili ya kusimama inafanya kazi, tena vizuri, ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Funga kwenye taya za drili boliti ya milimita 12 ambayo kichwa chake umekisawazisha kwa tupa, bandika ngozi au nailoni. Kabla ya hapo hakikisha meza iko mraba: chukua waya mnene, ukunje mfano wa herufi L kubwa, ufunge kwenye drili, zungusha kwa mkono ncha ya waya ikipita juu ya meza. Ikigusa upande mmoja na kuelea mwingine, legeza meza urekebishe. Drili nyingi zina kizuizi cha kina, na hicho ndicho kinachoifanya iwe bora kuliko jiliwa.

seremala_kimya

Wakuu mmesema presi tu, ila ufa anaouona kesho yake asubuhi hautoki kwenye presi peke yake. Presi inafungua ufa ambao ulishaandaliwa.

Angalia kwanza ndani ya mdomo wa mrija. Gundi iliyoingia humo ikakauka inafanya tundu liwe dogo, ncha ikipita inatanua brasi, brasi inatanua mpingo, na mpingo hautanuki. Ni mti mzito unaozama majini, hauna ulaini wa kumeza kosa kama mkongo au mninga. Pitisha tupa ndogo ya mviringo au kisu chembamba mpaka uone brasi inang'aa duara zima. Njia ya kuzuia: kabla ya kupaka gundi, ziba mdomo wa mrija kwa kusukuma kwenye kipande chembamba cha kiazi kibichi au nta, ukimaliza unasafisha kwa kijiti.

Pili, kile kifaa cha meno cha kusawazishia miisho huacha ukingo mkali wa brasi umekunjamana kuelekea ndani. Ukipitisha kucha unausikia. Ukate kwa kisu cha ncha au tupa, mzunguko mmoja au miwili, mpaka mdomo uwe na mteremko mdogo. Ncha itajielekeza yenyewe katikati.

Tatu, kama unamalizia kwa supa gluu, tabaka zake hufurika juu ya mwisho wa mti. Usiposawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, pete ya katikati au bega la ncha vinakalia kile kingo cha gundi badala ya brasi, kinabanduka vipande vyeupe. Watu wengi wanadhani mti umepasuka kumbe ni gundi. Chunguza kwa lenzi: mpasuko wa gundi hauna mwelekeo, ufa wa mti unafuata nyuzi.

Nne, joto na unyevu. Ukitoboa mpingo toa biti kila milimita 10, safisha unga, acha ipoe. Baada ya kutoboa, kipande kikae usiku mzima kabla ya kuingiza mrija. Msasa ukipasha mti moto mpaka unaunguza vidole, simama. Brasi haisinyai na mti unasinyaa, kwa hiyo mti ambao haujakauka vizuri utajibana juu ya mrija mpaka upasuke, hata kama kalamu haijawahi kuona presi. Hii ndiyo kalamu inayonunuliwa Moshi ikiwa nzima na kupasuka Ulaya ndani ya nyumba yenye kipasha joto wakati wa baridi.

Tano, gundi kati ya mrija na mti isiwe na mapengo. Mpingo una mafuta. Futa tundu kwa asetoni, likauke, kwaruza mrija kwa msasa, kisha tumia epoksi ukizungusha mrija wakati unauingiza. Penye pengo, zile milimita 0.7 zinasimama peke yake.

mkereza_wa_moshi

Asanteni sana. Nimekagua mirija mitano iliyobaki: mitatu ina gundi ndani na yote ina huo ukingo mkali. Maswali mawili. Kizungushio kikishapita kina, kuna namna ya kukitoa bila kuharibu kalamu? Na mbona hakuna aliyetaja mashine yenyewe ya kukereza?

FundiChuma

Kukitoa inawezekana, na unaanza na ncha. Toa rifili. Kizungushio kiko wazi katikati, kwa hiyo pitisha fimbo ya chuma nyembamba inayopita humo bila kugusa pembeni, ifike nyuma ya ncha. Shika kipande cha chini ndani ya kitambaa mkononi, mdomo ukiangalia chini juu ya ndoo au mchanga, gonga fimbo kwa nyundo ndogo. Ncha ikitoka, ingiza fimbo nene zaidi kutoka upande wa ncha, ile inayokaribia kujaza mrija, usukume kizungushio kitoke. Usishike kipande kwa jiliwa. Kizungushio kilichotolewa kikizunguka kwa ugumu au kwa kuruka, kiweke pembeni. Kipya ni nafuu kuliko mteja kurudisha kalamu.

Ncha au kizungushio kikiwa kimelegea baada ya hapo, tone dogo la supa gluu nzito kwa kijiti, lipakwe ndani ya mdomo wa mrija. Usipake kwenye kizungushio chenyewe, itatambaa ndani na kuganda.

kalamu_na_mpingo

Kuhusu mashine ya kukereza, ndiyo nyoofu kuliko zote ikiwa ncha zake mbili za kushikia mti, ya mbele na ya nyuma, zinakutana vizuri. Zisogeze zikaribiane: zikigusana ncha kwa ncha bila kupishana, unayo presi tayari. Zima, chomoa umeme. Mbele funga kigogo cha mti mgumu ulichokikereza uso ukiwa bapa, kitoboe shimo fupi la kuhifadhi kidomo cha ncha. Nyuma toa ncha inayozunguka, weka kigogo kingine bapa. Unasukuma kwa gurudumu la nyuma. Lina skrubu, kwa hiyo hakuna kuruka: hesabu mzunguko mmoja unasogeza milimita ngapi, ukijua hilo nusu milimita unaipata kwa jicho.

Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kuunganisha lazima uvunje ulichofunga kwa kukerezea. Kwa hiyo panga kazi: kereza zote Jumatatu hadi Alhamisi, ziache zitulie, Ijumaa unganisha zote 30 kwa mkupuo. Kwa mpangilio huo, presi huhitaji kununua sasa hivi.

Utaratibu wa kila kalamu: ncha kwanza, kisha kizungushio upande wa brasi ukiingia, kisha klipu na kifuniko kwenye kipande cha juu, mwisho pete ya katikati na kusukuma kipande cha juu kwa mkono tu. Andika kwa penseli juu ya mti upande upi ni wa katikati kabla hujakata kipande viwili, na kabla ya kukereza hamishia alama hiyo ndani ya mrija, maana mistari ya mpingo ikigeuka hakuna presi itakayoirudisha.

seremala_kimya

Nyongeza kwa kigogo cha mti: kila baada ya kalamu kumi hivi, tazama uso wake. Kifuniko cha klipu huchimba duara dogo kwenye mti, na duara hilo likishakuwa na kina, kalamu inayofuata inateleza ndani yake na kukaa imeinama. Rudisha kigogo kwenye mashine, chukua nusu milimita kwa patasi, uso unakuwa bapa tena. Nailoni inachelewa kuchimbika lakini nayo kagua.