Bodi "zenye RTOS" zimeua mayai ya watu Uyole, muuzaji anasingizia umeme

Wakuu, nimeshindwa kulala na jambo hili, acha niliseme.

Mwezi wa saba nilimfungia mama mmoja wa Uyole, Mbeya, mashine ya kutotolesha, trei zake zinabeba mayai 528. Bodi ya kuongoza joto nilinunua kwa jamaa wanaotamba kwamba vifaa vyao vinatumia mfumo endeshi wa muda halisi (RTOS), yaani programu inayogawa zamu za kazi ndani ya bodi ili kila moja ifanyike kwa wakati, hivyo haviwezi kuganda. Siku ya 16, saa nane usiku, simu: "Fundi, kioo kinasema 37.6 lakini mkono wangu unakataa. Humu kunaungua."

Baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua. Nilifika kwa bodaboda vidole vimekufa ganzi. Nikaingiza kipimajoto changu cha zebaki: 43. Kioo bado 37.6, hita inawaka. Tukapasua yai moja. Kifaranga ameshaota vimanyoya, kajikunja, hatikisiki. Mama hakusema neno, akafunika trei kwa kanga.

Muuzaji alijibu hivi: "Bodi yetu ina RTOS, haigandi. Angalieni umeme wenu."

Umeme gani? Msimbo wa programu yao ninao, walinipa nibadilishe ujumbe wa SMS uwe wa Kiswahili. Nimeusoma siku tatu. Wametumia FreeRTOS, mojawapo ya mifumo hiyo ya muda halisi, na FreeRTOS haina kosa lolote hapa. Kuna kazi tatu zinazopokezana prosesa. Ya sensa na hita ina kipaumbele cha juu, ya modemu (ya kutuma SMS) cha kati, ya kuandika kwenye kadi ya memori cha chini. Sensa na kadi zinapita njia moja ya SPI (nyaya za kupitishia data), na mlinzi wa njia hiyo ni semafori ya kawaida, yaani kufuli: aliyeishika anapita, wengine wanasubiri aiachie. Usiku ule mtandao ulikata. Kazi ya modemu ikawa inazunguka palepale kutafuta mtandao, hailali hata kidogo, ikala muda wote wa prosesa. Kazi ya kadi ilikuwa imeshika semafori na haipati zamu ya kumaliza na kuiachia. Kazi ya hita ikabaki inasubiri semafori hiyohiyo. Hita ikaendelea kama ilivyoachwa: inawaka! Na kioo kikabaki na namba ya mwisho iliyosomwa.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder, kikiendeshwa na VxWorks, RTOS nyingine, kilikuwa kinajizima na kujiwasha huko Mirihi kwa sababu hiyohiyo. Wahandisi waliurekebisha kutoka duniani kwa kuruhusu kurithi kipaumbele: kazi ya kipaumbele cha chini inayoshika kufuli inapandishwa hadhi kwa muda hadi iliachie. Ndani ya FreeRTOS myuteksi, aina nyingine ya kufuli, inafanya hivyo, semafori ya kawaida haifanyi. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache! Na kile chombo angalau kilikuwa na kipima muda kinachokiwasha upya mambo yakikwama. Hawa wenzetu kipima muda chao kinaambiwa "mambo ni sawa" na interapti ya saa, yaani kengele ya ndani ya prosesa, ambayo inaendelea kupiga hata kazi ya hita ikiwa imekwama. Kwa hiyo hakiwezi kugundua chochote.

Kinachoniudhi zaidi, sasa wanasema toleo lijalo watahamia Zephyr, RTOS nyingine, tatizo litakwisha. Litakwishaje? Semafori ya Zephyr nayo hairithi kipaumbele, myuteksi ndiyo inarithi. Ukihama na mpangilio uleule unahama na mayai yaliyokufa. Wanaouliza humu kila wiki "FreeRTOS au Zephyr?", zote mbili ni za bure na zote zinafaa. Kabla hujanunua bodi muulize muuzaji: nani anashika njia ya sensa, kwa kufuli gani, na kazi ya hita ikichelewa sekunde mbili nani anakata moto? Akianza kukutajia jina la mfumo, rudisha pesa mfukoni.

Mimi nina kosa langu pia: sikuweka thermostati ya kawaida ya kukata moto pembeni ya bodi. Sasa nimeiweka Uyole, imetegwa 38.5, na trei ya mayai mapya nimemnunulia mama kwa pesa yangu.

Ninachodai kwa waliouza: wamlipe yule mama trei zote, na wawapigie simu wateja wao wa Tukuyu na Makambako leo, kabla mtandao haujakata usiku mwingine.